Kufunga pazia la kivuli kwenye pagola ya alumini: nitoboe wapi?

SWALI

Ndugu fundi, nina pagola ya alumini yenye paa la luva zinazogeuka, yaani vibao vyembamba vinavyofunguka na kufungika. Urefu wake ni mita 4, upana mita 3, na imesimama kwa nguzo nne juu ya sakafu ya zege. Adhuhuri paa hilo linatusitiri vizuri, lakini ikishafika alasiri jua huingia kwa ubavu wa magharibi na kutuondoa mezani. Nimekusudia kufunga pazia la kushusha upande huo wa mita 4, na baadaye jingine kwenye upande mmoja wa mita 3. Muuzaji ananiambia kuwa ni kazi ya skrubu nane tu kwenye boriti. Je, ni salama kuitoboa boriti hiyo? Kasha la pazia likae ndani ya fremu au nje? Na je, ni lazima ninunue pazia lenye reli za pembeni, ambalo ni ghali zaidi, au lile linaloning'inia lenyewe linatosha?

JIBU

Ndugu msomaji, umelitambua tatizo lako ipasavyo. Luva hukinga jua lililo juu ya kichwa. Jua likishashuka, miale hupita chini ya boriti kwa mshazari, na hapo hata ukizifunga luva zote hutapata kivuli. Dawa yake ni pazia la wima. Ila kabla ya kuhesabu skrubu ni lazima ujue mambo mawili, nayo ndiyo yanayoamua majibu ya maswali yako yote matatu: ndani ya boriti yako mna nini, na upepo utakapolisukuma pazia, nguvu hiyo itaishia wapi.

Tuanze na boriti. Kwa nje inaonekana kama bomba la mraba lenye uwazi mtupu ndani, lakini katika pagola nyingi za aina hii boriti ndiyo gata, yaani mfereji wa maji ya mvua. Mvua inaponyesha luva zikiwa zimefungwa, maji hutiririka katika mkondo wa kila luva hadi mwisho wake, hudondokea kwenye gata iliyo ndani au ubavuni mwa boriti, kisha hushuka kwa bomba lililofichwa ndani ya nguzo na kutokea karibu na sakafu. Mara nyingi nyaya za taa na za mota ya luva hupita humo humo. Kwa hiyo tundu moja lililotobolewa pasipostahili linaweza kuharibu mambo mawili kwa pamoja, yaani njia ya maji na njia ya umeme. Nimewahi kuitwa kwenye pagola iliyokuwa ikidondosha maji juu ya meza kila mvua ilipopungua, na wenyewe walikuwa wameshabadilisha mipira ya luva mara mbili bila mafanikio. Kumbe skrubu moja ya kishikizo cha pazia ilikuwa imepenya sakafu ya gata, na maji yalikuwa yakifuata uzi wake polepole.

Usikisie. Mwombe aliyekuuzia pagola mchoro wa umbo la boriti kama inavyoonekana ikikatwa kwa upana, na umwulize kwa maandishi ni sehemu zipi zinazoruhusiwa kutobolewa, kwa kuwa kutoboa bila idhini kunaweza kukufutia dhamana. Mchoro ukikosekana, fungua kifuniko cha kona, zigeuze luva zisimame wima ili uione gata kwa juu, halafu pima kina kutoka ukingo wa juu wa boriti hadi sakafu ya gata. Kihamishie kipimo hicho upande wa nje wa boriti kwa penseli, uchore mstari kwa urefu wake wote. Juu ya mstari huo pasiguswe na drili. Kwa nguzo, jaribio la ndoo linatosha: mimina maji kwenye gata, kona moja baada ya nyingine, na utazame yanatokea mguu upi. Nguzo inayotoa maji ina bomba ndani, na biti ya drili isiingie humo zaidi ya unene wa ukuta wa nguzo.

Hapo ndipo tunapoweza kuzungumza juu ya mahali pa kasha. Kwa pagola yako napendelea likae chini ya boriti, katikati ya nguzo mbili, badala ya kubandikwa kwenye uso wa nje. Likiwa hapo, boriti hulikinga dhidi ya mvua, reli hukaa kwenye uso wa ndani wa nguzo, na nguvu ya upepo huingia moja kwa moja kwenye nguzo bila kuisokota boriti. Gharama yake ni kimo. Makasha mengi yana kimo cha sentimita 10 hadi 13, kwa hiyo pima kwanza kama mtu mrefu atapita bila kuinama. Ukilazimika kuliweka kasha ndani zaidi, ubavuni mwa boriti, zigeuze luva kutoka mwanzo hadi mwisho wa mzunguko wake huku ukipima nafasi iliyobaki, kwa maana katika miundo mingine ncha za luva hushuka chini zinapokuwa wima na zinaweza kugonga kasha. Na endapo mchoro utaonyesha kwamba sakafu ya gata ndiyo ukuta wenyewe wa chini wa boriti, usiitoboe kabisa kwa kutokea chini. Tafuta pazia ambalo kasha lake hubebwa na reli au na vishikizo vya kwenye nguzo.

Sasa upepo, ambao ndio unaojibu swali lako la reli. Pazia lililoshushwa ni tanga. Msukumo wa upepo, kwa nyutoni (takriban 10 ni uzito wa kilo 1) kwa kila mita ya mraba, ni takriban 0.6 mara mraba wa kasi yake kwa mita kwa sekunde. Pazia lako lenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.3 lina eneo la mita za mraba 9.2. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, utalisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 55. Kasi hiyo ikiongezeka maradufu nguvu haiongezeki maradufu bali mara nne, hata ipite kilo 220. Vitundu vya kitambaa cha kivuli ni vidogo mno kuweza kupunguza mzigo huo kwa kiasi cha kutegemewa.

Pazia linaloning'inia halina pa kuupeleka mzigo huo. Litapeperuka, na upau wa chini, ambao ni chuma au alumini yenye uzito, utapigapiga nguzo, fanicha na watu. Kulifunga kwa kamba au ndoano chini huuzuia upau tu, lakini kingo za kitambaa zitaendelea kupuliziwa na jua litapenya pembeni. Pazia la reli zenye zipu limeshonewa meno ya zipu kwenye kingo zote mbili, na meno hayo hushikwa ndani ya reli kuanzia juu hadi chini, kwa hiyo kitambaa hubaki kimenyooka na mzigo hugawanyika kwa urefu wote wa nguzo. Kwa upana wa mita 4, upande ulio wazi, ushauri wangu ni kulipia reli. La kuning'inia lingefaa kwenye uwazi mwembamba uliokingwa na ukuta.

Hata hivyo reli haziufuti mzigo. Zinaukabidhi kwa nguzo, na nguzo zinaukabidhi kwa bolti zilizozamishwa kwenye zege. Pagola huenda ilipigiwa hesabu ikiwa wazi pande zote, upepo ukipita katikati yake. Kagua bamba la kitako la kila nguzo, uone kama bolti zote zipo, zimekazwa, na zimeingia kwenye zege lenyewe wala si kwenye tabaka la vigae. Ukiongeza pazia la pili upande wa mita 3 utakuwa umeunda kona inayokusanya upepo, hivyo mwulize mtengenezaji wa pagola kuhusu pande zote mbili kwa mara moja. Vilevile zingatia kikomo cha upepo kilichoandikwa kwenye maelezo ya pazia, na ukikaribia kikomo hicho, lipandishe. Wasioweza kuwapo muda wote wafunge mota yenye kihisio cha upepo.

Kupima ni kazi ya subira. Pima upana kati ya nguzo juu, katikati na chini, utumie kipimo kilicho kidogo kuliko vyote, kisha umwachie mtengenezaji apunguze nafasi anayoihitaji. Pima pia mishazari miwili ya uwazi huo. Ikitofautiana, fremu haiko mraba, na tofauti hiyo irekebishwe kwa vipande vya kujazia nyuma ya reli, kamwe si kwa kuilaza reli ifuate nguzo. Reli zisimame kwa timazi na ziwe sambamba, na rola, yaani bomba linalokunja kitambaa, iwe sawa kwa pimamaji. Rola iliyoinama upande mmoja hufanya kitambaa kikimbilie pembeni kinapojikunja, na kingo huanza kulika. Usiitumie sakafu kama rejea. Sakafu za nje huwekewa mteremko ili maji yaondoke, na mteremko wa asilimia 1 peke yake ni sentimita 4 katika upana wako. Upau wa chini ufuate pimamaji, na pengo litakalobaki upande wa bondeni lizibwe kwa ukingo laini wa mpira au brashi.

Ukifika kwenye kutoboa, kumbuka kwamba kuta za alumini hizi ni nyembamba, mara nyingi milimita 2 hadi 3. Skrubu inayojichimbia ina nyuzi chache tu za kushika hapo, na pazia linalotetemeka huzilegeza. Kwa vishikizo vinavyobeba uzito ninatumia nati za ribiti: kwa bolti ya M6 (yenye kipenyo cha milimita 6) tundu ni la milimita 9, nati huingizwa na kuminywa hadi ikaume ukuta kwa nyuma. Bandika utepe wa karatasi juu ya rangi, tia alama kwa senta panchi ili biti isiteleze, na ufunge kizuizi cha kina kwenye biti kisichoiruhusu kupita milimita chache baada ya ukuta. Ondoa chembe zote za metali siku hiyo hiyo, kwa kuwa zikibaki juu ya rangi huikwaruza, na uguse ukingo wa tundu kwa rangi kabla ya kufunga.

Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la A2, au A4 kama uko karibu na bahari, na kati ya bolti na alumini weka washa ya nailoni. Metali mbili tofauti zikigusana mahali penye unyevu, hasa wenye chumvi, ile iliyo dhaifu huliwa, na hapa inayoliwa ni alumini ya pagola yako. Kwa kuziba tumia silikoni isiyo na asidi. Ile inayonuka siki inapokauka inaweza kudhuru metali. Acha pia nafasi ya kutanuka: alumini ya mita 4 ikipata tofauti ya nyuzi joto 40 hurefuka kwa karibu milimita 4, kwa hiyo tundu moja la kasha likazwe imara na mengine yawe marefu kidogo yaruhusu mwendo.

Kuhusu kitambaa nitasema machache. Chenye uwazi wa asilimia 5, yaani vitundu vyake ni asilimia 5 ya eneo lote, kinafaa watu wengi; rangi nyeusi hupunguza mng'ao na hukuwezesha kuona nje, rangi nyeupe hurudisha joto zaidi lakini huumiza macho jua likiipiga. Ukichagua mota, waya wake upitishwe na fundi umeme mwenye leseni, kwenye saketi yenye kikata umeme cha miliampea 30 kinachohisi umeme unaovuja, na uachwe ukining'inia kwa kitanzi kabla ya kuingia kwenye boriti ili maji yadondoke hapo badala ya kuufuata hadi ndani. Kitambaa kikipandishwa kikiwa kibichi, kishushe tena mapema kikauke, la sivyo kitaota ukungu.

Kabla hujarudisha vifuniko vya kona, rudia jaribio la ndoo, safari hii ukimwaga maji taratibu kwa dakika kadhaa kwenye gata iliyo juu ya kasha, huku mwenzako akipitisha karatasi kavu chini ya kila kishikizo. Karatasi ikilowa, usiongeze silikoni kwa nje. Fungua bolti hiyo, zibe tundu kutoka upande wa gata, na usogeze kishikizo chini ya ule mstari wa penseli.