Nusu kidonge haikumuua Simba

Mpwapwa, 29 Novemba

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, na picha za majibu ya maabara nimezitazama. Umeuliza mambo matatu: kama nusu kidonge cha diklofenaki, dawa ya maumivu ya binadamu, ulichompa mbwa wako Simba ndicho kilichomuua; kama ungempeleka kwa daktari mwezi wa nane angepona; na kama zile pumzi mbili alizovuta baada ya daktari kumchoma sindano ya kumaliza mateso yake ni dalili kwamba alikufa akiteseka. Nitakujibu bila kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Naanza na kidonge, maana naona ndicho kinachokunyima usingizi. Diklofenaki si dawa ya mbwa. Hupunguza damu inayofika kwenye figo na huweza kumtoboa tumbo, kwa hiyo usimpe tena mbwa yeyote, wala ibuprofeni, wala panado, mpaka daktari wa mifugo aseme. Hapo ulikosea. Lakini rudi kwenye karatasi. Kreatinini, taka ya damuni ambayo figo hutakiwa kuichuja, ilikuwa 620, wakati mbwa mwenye afya huwa chini ya 125 hivi. Chembe nyekundu zilikuwa asilimia 21 ya damu, na mbwa mzima huwa kati ya 37 na 55. Tena aliyempiga altrasaundi ameandika kwamba figo zote mbili zimesinyaa.

Hayo si mambo ya siku mbili. Dawa inapoua figo kwa ghafla, mbwa huwa bado ana nyama mwilini, damu yake inatosha, na figo huonekana za ukubwa wa kawaida au zimevimba. Figo kusinyaa huchukua miezi mingi, pengine miaka. Damu nayo hupungua polepole, kwa kuwa figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuamuru uboho utengeneze chembe nyekundu. Wewe kidonge ulimpa Jumanne, na damu ikapimwa Alhamisi. Huenda kiliongeza mzigo mdogo mwishoni, lakini ugonjwa hakikuuleta.

Sasa mwezi wa nane. Ugonjwa huu wa figo ni mwizi wa kimya: mbwa hubaki mchangamfu mpaka theluthi mbili hivi ya figo imeshakufa. Hapo ndipo mkojo unakuwa mwingi na mwepesi, na kiu inazidi. Kreatinini yenyewe hupanda ikishapotea kama robo tatu. Mbwa wa kilo 22 kama Simba hunywa takribani lita 1.3 kwa siku; akipita lita 2.2, huo ni ugonjwa. Lakini nani angepima kwenye beseni moja la mbwa wawili, hapo Nkuhungu, kwa upepo mkavu na jua la Dodoma la kipindi hicho? Na mbwa wa miaka 13 akikonda, kila mtu anasema uzee.

Ungempeleka mwezi wa nane, angeandikiwa chakula chenye fosforasi kidogo, dawa ya kichefuchefu na ya shinikizo la damu. Pengine mngepata wiki au miezi zaidi. Kupona asingepona, kwa sababu sehemu ya figo ikishakufa haioti tena. Wiki hizo ndizo unazoweza kuzihesabu kuwa hasara. Usiihesabu miaka yote 13.

Kesho chukua karatasi, uipige mstari katikati. Kushoto andika tarehe na ulichokiona kwa macho yako siku ile: amebakiza chakula, ametapika povu, mdomo unanuka kama mkojo. Kulia andika ulichokidhani siku hiyohiyo, na ulichofanya. Usiandike chochote ulichokijua baada ya vipimo. Hatia hupata nguvu pale unapochanganya tarehe, ukajidai kwamba ya Novemba uliyajua Agosti. Halafu kila kosa lililobaki liulize: lingebadilisha mwisho, lingeusogeza tu, au lisingebadilisha kitu? Ukikwama, mpelekee daktari aliyemtibu karatasi hiyo umuulize hayohayo. Hatakucheka.

Kuhusu sindano. Ile ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa. Ikiingia kwenye mshipa hufika ubongoni kwanza, na ndani ya sekunde chache fahamu hupotea. Baadaye pumzi hukoma, kisha moyo. Pumzi mbili ulizoziona, misuli kutikisika, mkojo kutoka na macho kubaki wazi ni mwili unaozima wakati mwenyewe hahisi tena. Daktari alipaswa kukuambia mapema. Kuhusu kukubali achomwe sindano hiyo: alikuwa na vidonda mdomoni, hali chakula, anatapika hata maji, na dripu za siku tatu hazikuishusha kreatinini. Kungoja kungemwongezea Simba kichefuchefu tu. Uamuzi wako ulikuwa sahihi.

Umesema mmemzika shambani Ihumwa. Kama shimo halikufika mita moja, ongeza udongo, mawe mazito, na matawi ya miiba juu yake kabla mvua hazijakolea, kwani udongo utadidimia. Dawa ile hubaki kwenye nyama. Mbwa au tai akifukua akala, naye huweza kufa.

Watakaokuambia "mbwa tu" usibishane nao. Tafuta mtu mmoja aliyemjua Simba, uongee naye. Watoto waambie amekufa; ukisema amelala, wataogopa kulala. Na ikiwa wiki zinapita huli, hulali, au unafikiria kujidhuru, usingoje, nenda hospitali. Watu hulitaja jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kwa dhihaka, lakini pale kuna wataalamu wa mambo haya, na uko nao mji mmoja.

Chui, mbwa wako aliyebaki, asipokula siku mbili, usiseme ni majonzi tu. Mkague kupe masikioni na kati ya vidole, mpeleke, na umwombe daktari ampime mkojo na kreatinini. Ana miaka tisa sasa, na kipimo hicho kirudiwe kila miezi sita. Mpe beseni lake peke yake, ulilopima maji kwa jagi. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa, kwa kadi uliyonitumia, inaisha Januari.

Ni mimi baba yako.