Kitambaa Kinachonuna

Nimekuwa nikiwaza kitambaa cha kufutia vyombo na meza kilichochorwa uso konani. Kikiwa kikavu, uso unacheka. Kikilowa, kinanuna, na kinabaki kimenuna mpaka kikauke. Ukipita jikoni usiku ukakikuta kimejikunyata kando ya sinki na uso umefura, unajua kuna mtu hakukianika.

Wazo lilinijia siku niliyomfuta mwanangu mdomo kwa kitambaa kilichoonekana safi kabisa. Alirudisha kichwa nyuma akasema, "Kinanuka!" Nikakinusa. Kweli, kilikuwa kimevunda. Jana yake nilikifua kwa sabuni, nikakikamua, kisha nikakining'iniza kwenye bomba kikiwa bado kimekunjamana. Kosa lilikuwa hapo. Unyevu hubaki ndani ya mikunjo, na penye unyevu, joto na mabaki ya chakula bakteria huzaliana upesi. Macho hayaoni hayo.

Na uso huo si ndoto tu. Upo wino unaobadilika ukipata maji: ndio wa vile vitabu vya watoto ambavyo picha hutokea ukizipitishia brashi yenye maji na kufifia zikikauka, ndio pia wa miavuli inayochanua maua mvua ikinyesha. Kazi ya mvumbuzi ni kuufanya ustahimili kusuguliwa na kufuliwa kwa maji ya moto kila wiki. Kona moja inatosha. Kwingine kote kitambaa kiachwe kinyonye maji.

Kwa sasa nashona uzi wa rangi kwenye vitambaa vyangu: mwekundu ni wa chooni, kijani jikoni, njano madirishani, na havichanganywi hata siku moja. Nikimaliza kufuta nakikunjua chote, nakianika kwa pembe mbili penye hewa. Vya pamba huwa navichemsha. Vya maikrofaiba, ambavyo ni poliesta na nailoni, usivichemshe na usivitie kilainisha nguo, maana hicho huzipaka nyuzi zile nyembamba utando, na kitambaa kikaanza kuyasukuma maji badala ya kuyanyonya. Niliharibu sita kwa kutaka vinukie vizuri, na iliniuma.

Mwanangu naye amekichorea kimoja uso kwa kalamu ya wino usiofutika. Kinacheka muda wote, hata kikiwa chepechepe, kwa hiyo kabla ya kumfuta bado nakinusa kwanza.