Maswali yenu kuhusu nyaraka za mitume

Waraka kwa Waebrania ni wa Paulo au si wake?

Naamini si wake. Paulo huanza barua zake kwa kujitaja jina. Huu haumtaji mtu. Tena soma 2:3: mwandishi anasema wokovu ulithibitishwa kwake na wale waliomsikia Bwana. Kisha fungua Wagalatia 1:12, Paulo anakana katakata kwamba aliipokea injili kwa mwanadamu. Anayesema hivyo hawezi kujiweka miongoni mwa waliosimuliwa. Origene, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 3, aliona mawazo ni ya Paulo lakini lugha si yake, akasema aliyeuandika Mungu ndiye anayejua. Hata hivyo, nakala ya mafunjo iitwayo P46, ya mnamo mwaka 200, imeupanga mara baada ya Warumi, kwa hiyo wanaomtaja Paulo hawakuanza jana.

Warumi 16:22 Tertio anasema ndiye aliyeandika. Paulo je?

Paulo alitamka, Tertio akaandika. Ndivyo barua zilivyoandikwa zama zile. Katika Wagalatia 6:11 Paulo anashika kalamu mwenyewe na kuonyesha herufi zake kubwa.

Biblia yangu mpya haina “Baba, Neno, na Roho Mtakatifu” katika 1 Yohana 5:7. Wameyafuta?

Hapana, ndugu yangu, yaliongezwa. Yalianzia kwenye maandishi ya Kilatini; nakala za kale za Kigiriki hazinayo. Msomi Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, na tena 1519, aliyaacha, akashambuliwa vikali. Baadaye akaletewa nakala ya Kigiriki yenye maneno hayo, nayo ilikuwa ya karne yake mwenyewe. Akayaingiza mwaka 1522. Kwa njia hiyo yakafika katika Biblia ya Kiingereza ya 1611. Usihofu kuhusu Utatu: mababa wa Kigiriki waliowapinga Waario (waliokana kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba) katika karne ya 4 waliutetea bila kuinukuu aya hiyo.

Je, “wanawake na wanyamaze” (1 Wakorintho 14:34-35) nayo iliongezwa?

Baadhi ya wataalamu wanasema hivyo, nami naziona sababu zao ni nzito. Katika nakala kadhaa aya hizo zimewekwa baada ya aya ya 40, na katika 11:5 Paulo huyo huyo anazungumzia wanawake wanaosali na kutoa unabii. Lakini haijapatikana nakala isiyokuwa nazo kabisa, kwa hiyo asiwepo wa kuwaambia jambo hili limethibitishwa.