Ule uzi wa zambarau kwenye picha

Ndugu, umeuliza kama uwaamini wanaosema lenzi ile ya f/1.8 (yaani tundu lake la mwanga hufunguka sana) inatia zambarau kingoni mwa vitu. Waamini, ila angalia wamepimaje. Lenzi haikusanyi rangi zote mahali pamoja, na penye mwanga mkali kando ya giza ndipo kasoro hujitokeza. Mimi hupiga makuti ya mnazi mchana, anga jeupe nyuma: kwa f/1.8 kila kuti lina uzi wa zambarau, nikifunga tundu hadi f/4 karibu wote unapotea. Ule wa kijani na nyekundu kwenye pembe za picha hauondoki hivyo, lakini kamera nyingi huufuta zenyewe kwenye JPEG, yaani picha ambayo kamera imekwisha kuitengeneza. Kwa hiyo anayeonyesha JPEG tu hajakuonyesha lenzi yenyewe. Tafuta anayetoa faili za RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla ya kurekebishwa.