Nyuso zilizotanuka ukutani

SWALI: Ndugu mhariri, kikundi chetu hapa Nyegezi, Mwanza, kinataka kuonyesha Scener ur ett äktenskap (Matukio ya Ndoa) ya Ingmar Bergman, mwongozaji wa Uswidi. Tuchukue ya sinema au ya sehemu sita? Na mbona nyuso zinatanuka kwenye projekta?

JIBU: Chukueni ya sehemu sita, ile ya televisheni ya Uswidi ya mwaka 1973, kila moja kama dakika 50. Ya sinema imepunguzwa kwa karibu saa mbili, na ndoa hii huvunjika polepole. Onyesheni mbili kwa jioni. Ya tatu ianze jioni yake, watu wakiwa hawajachoka. Humo Johan anamwambia mkewe Marianne kwamba anampenda mwingine, naye Marianne anamsaidia kufungasha sanduku! Tazameni mikono yake. Kisha anapiga simu kwa marafiki, kumbe walishajua.

Kuhusu nyuso: picha yake ni 4 kwa 3 (upana kwa kimo), projekta yenu imewekwa 16 kwa 9, basi inavuta pembeni. Ingieni kwenye mipangilio ya picha, mchague 4:3, weusi wa kando muuache. Msikuze kujaza ukuta, mtakata vipaji vya nyuso, na tamthilia hii karibu yote imo usoni mwa waigizaji Liv Ullmann (Marianne) na Erland Josephson (Johan).