Moto wa Nyota Huachaje Chuma?

SWALI: Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Ujiji, Kigoma. Usiku mmoja tukisubiri dagaa wajikusanye chini ya taa, mwanangu aliye kidato cha tatu aliniambia kwamba nyota ni moto, na kwamba chuma cha nanga yetu, pamoja na kila kitu duniani, kilitengenezwa humo. Moto niujuao mimi huacha majivu tu. Chuma kinatokaje motoni?

JIBU: Ndugu mvuvi, mwanao amesema kweli kwa sehemu kubwa, ila neno “moto” ndilo linalotatiza. Kuni zinapoungua, kaboni yake huungana na oksijeni ya hewani, lakini hubaki kaboni hata moshini. Nyota haiungui hivyo. Katika kitovu cha Jua, ambako joto hufikia nyuzi milioni 15, viini vya haidrojeni, yaani sehemu za katikati za atomu zake, hugongana hata vikaungana kuwa heliamu, yaani elementi nyingine kabisa, na nishati inayotoka hapo ndiyo mwanga tunaouona.

Hata hivyo, umegusa jambo la maana ulipotaja majivu. Haidrojeni inapokwisha kitovuni, kitovu hujikaza, joto hupanda hadi nyuzi milioni 100 hivi, na ile heliamu iliyokuwa majivu hugeuka kuwa kuni mpya: viini vyake vitatu huungana kuwa kaboni, na kaboni ikipokea kimoja zaidi huwa oksijeni. Jua letu litaishia hapo. Nyota zenye uzito wa zaidi ya mara nane ya Jua huendelea, majivu ya hatua moja yakiwa kuni za hatua inayofuata, mpaka chuma, ambacho viini vyake vimeshikamana mno kiasi kwamba kuviunganisha hakutoi nishati bali hula nishati. Hayo ndiyo majivu yasiyowashika tena. Kitovu hukosa cha kukihimili, huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na nyota hulipuka.

Chuma cha kitovu hicho kwa sehemu kubwa hubanwa humo humo kisitoke. Cha nanga yako kilitokana na nikeli isiyo imara iliyozaliwa katika milipuko ya namna hiyo, na katika milipuko ya nyota ndogo nyeupe zilizokwisha kuzeeka. Nikeli hiyo ndani ya miezi hugeuka kobalti, kisha chuma, na kuchanganyika na mawingu ya gesi kama yale yaliyolizaa Jua na Dunia miaka bilioni 4.6 hivi iliyopita.

Ningemsahihisha mwanao pale tu aliposema “kila kitu”. Haidrojeni iliyomo katika maji ya Ziwa Tanganyika haikutengenezwa na nyota yoyote. Asili yake ni mwanzo wenyewe wa ulimwengu, yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita, kabla nyota ya kwanza haijawaka.