Istikhara yako na jua la 1976

Mwanangu,

Umeniuliza: ikiwa Mwenyezi Mungu anajua tangu azali kwamba utaikubali kazi ya Mombasa au utaikataa, istikhara, swala ya kumwomba akuchagulie lililo la heri, ya nini tena? Mimi tangu utotoni nimekwama nyuma kidogo ya hapo: anakijuaje kitu kinachobadilika?

Kisa cha kupatwa kwa jua Oktoba 1976 unakijua, ila bibi yako alikisimulia kwa kicheko. Siku ile mianga iliyopenya majani ya mwembe ilikuwa hilali ndogondogo mchangani. Tukaswalishwa. Baadaye nikamuuliza mwalimu wetu wa chuoni: jana Mungu alijua "jua litapatwa", leo anajua "limepatwa", elimu yake haijabadilika? Akanisimamisha mbele ya wenzangu, akasema nina ulimi wa kikafiri. Kofi nimelisahau. Sijasahau babu yako kunishika mkono jioni ile, kwenda kuniombea radhi.

Kuuliza si ukafiri. Nimewaambia tangu mko wadogo.

Ukubwani nikamsoma Imam Ghazali, yuleyule ambaye mwalimu hamalizi darsa bila kumtaja. Tahafut al-Falasifa, kitabu chake cha mnamo 1095 cha kuwapinga wanafalsafa, suala la 13: mfano wenyewe ni kupatwa kwa jua! Litapatwa, linapatwa, limepatwa. Mwanafalsafa Ibn Sina na wenzake walidai hizo ni elimu tatu, na elimu ikibadilika, mwenye kujua naye kabadilika. Basi Mungu huyajua mambo kwa ujumla wake, pasipo "jana" wala "leo". Ghazali akawajibu: mtu akitoka kuliani kwako akapita mbele hadi kushoto, aliyehama ni yeye, wewe uko palepale. Nilicheka peke yangu hadi mama yako akaja kuchungulia.

Ila Ghazali huyohuyo aliwakufurisha wanafalsafa kwa suala hili. Kwa hiyo mwalimu alikuwa na hoja? Hata! Wao walijibu, mimi niliuliza tu, na kuuliza si ukafiri. Na kujibu je? Ibn Rushd, mwanafalsafa aliyekuja baada ya Ghazali, aliwatetea: hawakukana kwamba Mungu anajua, walikana kwamba anajua kama sisi. Elimu yetu huzaliwa na vitu. Vitu huzaliwa na elimu yake. Nani kashinda, ninalo langu, ila mama yako kanikataza kukuhubiria.

Ya Mombasa vilevile sisemi, ingawa ulimi unaniwasha. Swali istikhara, kisha waulize kama wanatoa posho ya nyumba.

Baba yako